Kuzoeza na Kuzoeana: Maoni juu ya Filamu "The Mustang"

Filamu iitwayo "The Mustang", ambayo ni kazi ndefu ya kwanza ya mwongozaji Mfaransa Laure de Clermont-Tonnerre, ilitolewa mwaka 2019, na tangu wakati huo imesifiwa hasa kwa sababu moja: kwamba yaonyesha jinsi mnyama wa mwitu awezavyo kumwokoa mtu aliyepotea. Sisi nasi twaisifu, lakini si kwa sababu hiyo. Kuokoka kwa mtu mbaya ni bidhaa ambayo sinema za Marekani huitoa kila juma, kama mikate kutoka tanurini. Kilicho adimu katika filamu hii ni kwamba kwa muda mfupi, katikati yake, tunaonyeshwa kazi yenyewe ya kumzoeza farasi: hatua, mkono, pumzi, kurudi nyuma, kungoja. Baada ya hapo filamu yaiacha kazi hiyo na kukimbilia mambo mengine, na mwisho wake, kwa maoni yetu, waisaliti.

Wahusika ni wachache. Roman Coleman, anayechezwa na Mbelgiji Matthias Schoenaerts, ni mfungwa katika gereza la jangwani, katika jimbo la Nevada. Amekwisha kaa kifungoni miaka 12 kwa kosa la kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Ni mtu asiyesema. Na akisema, husema kwa mkato, kana kwamba kila neno lamgharimu. Anapewa kazi ya kuzoa samadi nje ya jengo, na huko ndiko anakosikia mateke ya farasi aliyefungiwa peke yake gizani. Mzee Myles, msimamizi mkali anayechezwa na Bruce Dern, anamwingiza katika kundi la wafungwa wanaofunza farasi mwitu ili wauzwe mnadani, na Henry, mfungwa mwenzake, anampa mafunzo ya kwanza. Farasi wake anaitwa Marquis. Mambo haya hayakubuniwa yote: karibu na mji wa Carson City huko Nevada wafungwa wamepata kufunza farasi wa serikali kwa namna hiyo hiyo, na mmoja wa waigizaji wa filamu hii aliwahi kuwa mfungwa katika kazi hiyo.

Hapana budi tueleze kidogo habari za farasi hao, maana filamu yenyewe haielezi. Jina lao latokana na neno la Kihispania mesteño, yaani mnyama mpotevu asiye na mwenyewe. Farasi wa asili wa bara la Amerika ya Kaskazini walikuwa wamekwisha toweka miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Hawa wa leo ni wajukuu wa farasi walioletwa na Wahispania kuanzia karne ya 16, wakatoroka, wakazaliana nyikani. Kwa hiyo huyu si wa mwitu kwa maana tunayomwita pundamilia kuwa ni wa mwitu. Wajerumani walijaribu kumfuga pundamilia karibu na Kilimanjaro wakati wa utawala wao, wasifike mbali. Farasi wa Nevada ni mtoro, na anayemzoeza anamrudisha walikotoka babu zake. Tofauti hiyo ni kubwa, na tutaihitaji tutakapofika kwenye mwisho wa filamu.

Mwaka 1950 mwanamke mmoja wa Nevada, Velma Johnston, aliona lori likivuja damu ya farasi waliokuwa wakipelekwa kuchinjwa. Akaanza kampeni iliyozaa sheria mbili. Ile ya mwaka 1959 ilipiga marufuku kuwawinda farasi hao kwa ndege na magari katika ardhi ya umma, na ile ya mwaka 1971 iliwaweka chini ya ulinzi wa serikali kuu. Lakini waliolindwa walizidi kuongezeka, malisho yakapungua, na mwaka 1976 helikopta ziliruhusiwa tena, safari hii kwa kazi ya serikali yenyewe. Ndizo tunazoziona filamu ianzapo, zikiwasukuma farasi kushuka bondeni hadi katika uzio. Waliokwisha kukamatwa, ambao hulishwa mazizini na katika malisho ya kukodi kwa fedha za umma, walikuwa zaidi ya 60,000 mwaka 2024. Mtazamaji asiyejua hayo atadhani Marquis ni farasi mmoja mwenye bahati mbaya.

Sasa tuje kwenye neno, maana sisi ni walimu wa lugha. Wachunga ng'ombe wa zamani wa Marekani waliiita kazi hii kwa kitenzi kile kile kitumiwacho kwa kuvunja kijiti au sahani, na jina lilifanana na mtindo wao. Farasi alikamatwa kwa kamba, akatandikwa kwa nguvu, akapandwa hata alipochoka kuruka na kujitupa. Kilichobaki baada ya hapo ndicho kilichoitwa farasi aliyefunzwa. Siku hizi wengi wamekiacha kitenzi hicho na kuchukua kingine kilichotokana na neno la upole. Nyuma ya mabadiliko hayo wamo watu kama Ray Hunt, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1978, na mwalimu wake Tom Dorrance, ambaye chake kilifuata mwaka 1987. Walishikilia kwamba mtu ndiye apaswaye kumwelewa farasi kwanza.

Mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Akisema "kuvunja farasi", msikilizaji atauliza ni mguu upi uliovunjika. "Kutiisha" ni neno zuri, lakini lina ngumi ndani yake. "Kufuga" ni kumweka mnyama na kumlisha. Kuku hufugwa bila kufunzwa lolote. "Kufundisha" huja baadaye, mnyama akisha kukubali kusimama karibu na mtu. Limebaki "kuzoeza", na tukilinyambua kama tufanyavyo ubaoni, zoea, zoeza, zoeana, twapata mizani ya kuipimia filamu nzima.

Siku ya kwanza Roman aingia zizini akiwa na kauli ya kutendesha peke yake. Ataka kumzoeza farasi, yaani kumfanya azoee. Kwamba yeye mwenyewe ana la kuzoea, halimjii. Anamwendea uso kwa uso, amemkazia macho, anapaza sauti. Farasi anakataa. Hasira inampanda mtu, naye anampiga mnyama yule ngumi za kifua mfululizo, mpaka wenzake wamwondoe. Ni tendo la kuchukiza na limeonyeshwa bila kupambwa, tena lahitajiwa, kwa sababu pasipo hilo tusingeelewa ni mkono wa namna gani uliomweka gerezani. Methali yetu yasema ahsante ya punda ni mateke. Hapa mambo yamegeuka: aliyekuja na mateke ni bwana.

Kisha yafuata yale tunayoyaona kuwa kiini cha kazi hii. Roman amejaribu tena na tena, ameshindwa. Anamgeuzia farasi mgongo, anajiketia mavumbini, hataki tena lolote kwake. Kamera yatulia. Twasikia kwato zikisogea, kisha pua ya farasi inamgusa mtu kutoka nyuma. Hakuna maneno. Wapo watakaosema kwamba hii ni hisia tupu ya sinema. Sivyo. Ajuaye tabia ya farasi atakubali kwamba tukio hili lina msingi.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote, isipokuwa mahali padogo mbele kabisa ya uso na nyuma kabisa ya mkia. Kila kiumbe kimwendeacho moja kwa moja, kikimkodolea macho yote mawili, kwake ni mwindaji, na jibu lake la kwanza ni kukimbia. Kwa hiyo mzoezaji hodari hamwendei hivyo. Katika zizi la mviringo, ambamo hamna pembe ya kujibanza, husogea kwa mshazari kuelekea begani, macho ameyashusha. Farasi akigeuza sikio moja upande wake, au akisimama badala ya kukimbia, mtu huyo huacha palepale, hata hurudi hatua mbili. Hapo ndipo penye siri ya kazi yote: farasi hajifunzi pale mkazo unapowekwa, bali pale unapoondolewa. Akiona kwamba kila anapotulia adha huisha, huanza kutafuta utulivu. Roman, alipoketi, aliondoa mkazo wote kwa mara moja, pasipo kujua. Hakufanya ufundi, alichoka tu, na uchovu ukafanya kazi ambayo ngumi zilishindwa kuifanya. Tangu pale kitenzi kimebadilika. Sasa wanazoeana.

Tungekuwa na filamu kubwa kama mwongozaji angalikaa hapo. Lakini hakukaa. Mara baada ya kuguswa, farasi anakumbatiwa. Muda si muda amevaa hatamu, ametandikwa, amepandwa. Siku zimemezwa. Kazi ya kweli ni ya kurudiarudia: leo farasi akubali kuguswa shingo, kesho akatae, upande wa kushoto ukishazoea, wa kulia nao waanza upya kana kwamba ni farasi mwingine. Kisha kuna kamba ya kichwani, kuongozwa, kuinua ukwato mmoja mmoja na kuushika bila kunyang'anywa, kupanda katika gari la kubebea. Katika kila hatua ya hizo farasi mwoga aweza kurudi alikoanza kwa sababu ya mfuko uliopeperushwa na upepo. Kurudi nyuma namna hiyo ndiko kunakomfanya mzoezaji, na filamu karibu yote haikuoni.

Hasa yampita mnyama mchanga. Marquis ni farasi mzima, na ni haki ya sinema kumchagua mkubwa, maana hujaza kioo. Lakini watu wengi wachukuao farasi hawa kutoka serikalini hupendelea wale wa mwaka mmoja au miwili, kwa hoja ambayo Mswahili ataitambua mara moja: samaki mkunje angali mbichi. Hata nyumbani kwetu hoja hiyo imepata kutumika kwa wanyama. Huko Kongo, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, waliokamatwa ili wazoezwe kazi, kwanza Api na baadaye Gangala-na-Bodio, walikuwa tembo wachanga. Hata hivyo methali hiyo ina hatari yake. Mwana-farasi hawezi kupandwa. Mifupa yake haijakomaa. Mwaka mzima wa kwanza ni wa kutembea naye chini, kumshika, kumwacha, kumfunza kusimama. Hakuna shoti ya jangwani wala muziki wa kupanda. Anayemchukua mchanga kwa haraka ya kumkunja huishia kuwa na farasi mkubwa aliyejifunza kitu kimoja tu, kwamba mtu ni mvutaji wa kamba. Tungependa siku moja kuona filamu ya mwaka huo, ingawa tunashuku kwamba hakuna mwenye fedha atakayeitengeneza.

Makosa mengine tutayapitia upesi. Ulinganifu wa mfungwa na farasi umekazwa kupita kiasi: farasi akizungukazunguka zizini, twaonyeshwa mtu akizunguka chumbani, na mtazamaji aliyekwisha kuelewa mara ya kwanza huelezwa tena mara ya tatu. Hadithi ya dawa ya farasi inayoibwa ili kuwalewesha wafungwa imetiwa ili kuleta hatari, na yafanana na sinema nyingine mia. Dhidi ya hayo tuweke tukio moja la darasa la hasira, ambamo mshauri awauliza wafungwa mmoja mmoja ni muda gani ulipita kati ya wazo na kosa. Wajibu kwa kupungua: muda mfupi, nukta chache, kufumba na kufumbua. Tukio hili lafaa kuwekwa sambamba na zizi, maana kungoja ndiko anakofunzwa Roman na farasi wake, wala si upendo kama wengi walivyoandika. Swali la kitabaka, yaani nani anafaidika na jasho la wafungwa wanaoongeza thamani ya mali ya serikali, limeachwa kabisa. Bruce Dern anawakaripia watu wake kwa ucheshi, nasi twacheka, na kwa kucheka tunasahau kuuliza wanalipwa nini.

Mwisho wa filamu ndio uliotufanya tuandike. Siku ya mnada Roman anaingia uwanjani juu ya Marquis. Helikopta yapita juu. Farasi akumbuka siku aliyokamatwa, ashikwa na hofu, Roman aumia. Inaamuliwa kwamba farasi huyo auawe. Roman, kwa kutumia hila na nguvu, amfungulia uzio, na farasi atoweka nyikani. Watazamaji hulia hapo. Sisi twasema kwamba mwandishi amekopa mwisho wa filamu nyingine bila kuangalia kama deni laweza kulipika.

Filamu hiyo nyingine ni "The Misfits" ya mwaka 1961, iliyoandikwa na Arthur Miller kutokana na hadithi yake fupi ya mwaka 1957, ikaongozwa na John Huston. Humo wanaume watatu, katika jimbo hilo hilo la Nevada, wanakwenda kukamata farasi mwitu kwa ndege na lori ili wauzwe kuwa nyama ya mbwa. Wanapata wachache mno, hata pato lao ni aibu. Mwanamke aliyefuatana nao, anayechezwa na Marilyn Monroe, anawapigia kelele kutoka mbali kwamba ni wauaji. Mwishowe mzee wao, Clark Gable, baada ya kupigana na farasi dume na kumshinda kwa mikono yake, anaikata kamba. Kukatwa kwa kamba hiyo kuna maana. Farasi yule hakupata kumjua mtu ila kwa muda wa saa chache za vita. Arudipo nyikani, arudi kamili. Naye mzee anakiri kwa tendo hilo kwamba kazi aliyoiita uhuru imekwisha kuwa uchinjaji.

Marquis si farasi yule. Amekwisha jua sauti, mkono, hatamu, na harufu ya mtu mmoja. Amezoea, na neno hilo kwa Kiswahili halina njia rahisi ya kurudi; twaweza kuacha tulichokizoea, lakini hatuwezi kuwa kama ambao hawajakizoea. Filamu yenyewe yajua hivyo, ndiyo maana katika picha za mwisho farasi aliyeachwa huru anaonekana amesimama karibu na uzio wa gereza. Mwongozaji anataka tuione picha hiyo kama faraja. Sisi twaiona kama ushahidi dhidi yake. Farasi amerudi kwa sababu kazi ya Roman ilifaulu, na kufaulu kwake kulidai hatua moja zaidi ambayo filamu haikuthubutu kuionyesha, yaani kumkabidhi farasi kwa mtu mwingine.

Na huyo mwingine ni nani? Katika filamu hii wanunuzi ni kofia na mikono inayoinuliwa. Hatumjui hata mmoja. Lakini sheria ya Marekani imemfikiria. Amchukuaye farasi mwitu kutoka serikalini hamnunui moja kwa moja. Sheria hutumia kitenzi kile kile kitumiwacho kwa mtu anayemchukua mtoto asiye wake, na kwa mwaka mzima mnyama hubaki kuwa mali ya serikali, akiwa na alama ya baridi kali iliyopigwa shingoni upande wa kushoto. Mwaka ukiisha na ikithibitika kwamba ametunzwa vema, ndipo hati hutolewa. Kwa Kiswahili twaweza kusema "kupanga", kama tusemavyo mtoto wa kupanga, au "kuasili" kama wapendavyo wanasheria. Lakini kwa mwaka ule wa kwanza sisi twapendelea "kulea", na mtu mwenyewe tumwite "mlezi", kwa kuwa bado si mwenye mali. Mwanafunzi akiulizwa tofauti ya mlezi na mwenyewe, mfano huu utamsaidia.

Hatari iliyomkabili farasi wa kweli katika mwaka ule ule wa 2019 haikuwa uzio. Mwaka huo serikali ilianza kuwalipa walezi dola 1,000 kwa kila farasi asiyefunzwa, ili mazizi yapungue. Mwaka 2021 gazeti la New York Times lilifichua kwamba baadhi ya waliopokea fedha hizo waliwangoja farasi wapate hati, kisha wakawapeleka kwenye minada ya wachinjaji. Damu iliyomshtua Velma Johnston mwaka 1950 ilikuwa imepata njia ya kupitia karatasi. Mbele ya jambo kama hilo, kumfungulia farasi mmoja uzio na kumwacha aende zake ni jibu la swali ambalo halijaulizwa. Kinachomwokoa farasi aliyezoezwa ni mkono wa pili ulio mwema kama wa kwanza. Hilo ni gumu kuonyesha, twakubali, lakini halikosi mchezo wa kuigiza.

Ushahidi ni filamu ya kumbukumbu iitwayo "Wild Horse, Wild Ride", ya mwaka 2011, ambayo haina hata robo ya umaarufu wa hii. Yafuatana na watu wa kawaida waliopewa kila mmoja farasi mwitu asiyepata kuguswa, na siku 100 za kumzoeza, kabla ya shindano na mnada katika mji wa Fort Worth, Texas. Kwa ufundi wa kamera yashindwa na "The Mustang" kwa mbali, na sehemu za shindano zina kelele nyingi. Lakini siku zimehesabiwa, na twaona zikipotea: kuna anayeanguka, kuna ambaye farasi wake hakubali kushikwa hata majuma yapite. Zaidi ya yote, inakaa hadi mnada uishe. Mtu aliyelala na kuamka akimfikiria mnyama mmoja kwa siku 100 anasimama ameshika kamba, akisikia bei ikipanda kupita uwezo wake. Wengine wanajinunulia farasi wao wenyewe, wakitoa fedha ambazo dhahiri hawakupanga kuzitoa. Wengine wanaikabidhi kamba kwa mgeni na kumweleza kwa haraka, huku wakifuta macho, upande upi farasi apendao kuguswa kwanza.